Baba Asiye na Kisanduku

Katika Jamhuri ya Neema Tele hakuna kijana aliyewahi kukosa chuo kwa sababu ya umaskini. Waliokosa walikosa kwa sababu ya fomu. Naomba tofauti hiyo ieleweke mapema, maana wageni wanaotutembelea huichanganya, kisha wakirudi kwao huandika mambo ya aibu.

Mimi ni karani wa dirisha namba nne katika Halmashauri ya Huruma kwa Wanavyuo. Jengo letu lina ghorofa sita na madirisha kumi na mawili. Kumi na moja yamefungwa ili kuboresha huduma. Kazi yangu ni kupokea maombi ya ufadhili na kuwaeleza waombaji, kwa upole, kwa nini hayajapokelewa.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Mtu akitimiza miaka kumi na minane katika nchi yetu ni mtu mzima. Anapiga kura, anakatwa kodi, anafungwa jela, anaweza hata kupelekwa mpakani akafie taifa. Akifika mbele ya dirisha langu, hata hivyo, anarudi kuwa mtoto, na atabaki mtoto mpaka afike miaka thelathini na tano au aolewe, lolote litakalotangulia. Na mtoto, kama mjuavyo, lazima asainiwe na mzazi. Fomu ina visanduku viwili: BABA YU HAI na BABA AMEFARIKI. Kama yu hai, atie saini. Kama amefariki, kiletwe cheti cha kifo. Wataalamu wanne walikaa hotelini wiki tatu na kuthibitisha kwamba hakuna binadamu asiyeingia katika kimojawapo. Mama naye hatukumsahau. Jina lake huandikwa nyuma ya fomu, kwa penseli.

Basi mwezi wa sita mwaka ule akaja Siwema.

*

Alikuwa na miaka kumi na tisa na barua ya kukubaliwa Chuo Kikuu cha Taifa kusomea ufamasia. Alama zake zilikuwa nzuri kiasi kwamba nilizisoma mara mbili. Pembeni yake alisimama mwanamume wa miaka sitini hivi, mwembamba, aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri kuliko langu. Nyusi zake zilikuwa na vipande vyeupe. Nilidhani ni mvi, kumbe ni sufi. Alikuwa fundi magodoro.

"Shikamoo," akasema Siwema.

"Marahaba. Baba ndiye huyu?"

"Ndiye mimi," akajibu yule mzee kabla binti hajafungua mdomo. Akachukua kalamu iliyofungwa kwa kamba dirishani. "Nisaini wapi?"

"Subiri kwanza, mzee. Jina lako?"

"Ngwali Mbaruku."

Nikatazama cheti cha kuzaliwa. Kilisema: Baba, Jaha Kilindo.

Wakatazamana. Siwema akainamisha kichwa kama mtu aliyeshikwa na kosa, ingawa sijui ni kosa gani mtoto anaweza kulifanya siku ya kuzaliwa kwake.

"Huyo alimwacha mama yake kabla mtoto hajaota meno," akasema Mzee Ngwali. "Mimi nilimwoa mama, mtoto akiwa na miaka miwili. Mama akafariki mtoto ana saba. Watu wakaniuliza, na huyu sasa utampeleka wapi? Nikawauliza, kwani anatakiwa kwenda wapi?"

"Kwa hiyo wewe ni baba wa kambo."

"Mimi ndiye niliyemlea."

"Nimeelewa, mzee wangu. Lakini hicho si kisanduku."

Akavaa miwani, akaishika fomu na kuisoma yote, mbele na nyuma, mpaka yale maandishi madogo ya mchapaji chini kabisa. Nyuma yake watu wakaanza kuguna. Alipomaliza akauliza kwa adabu kama kuna fomu nyingine. Nikamwambia ipo Fomu ya Tisa, Tamko la Mzazi Anayekataa Kutia Saini. Uso wake ukachangamka.

"Hiyo ndiyo yetu!"

"Ndiyo. Inatakiwa isainiwe na huyo mzazi anayekataa, mbele ya mashahidi wawili."

*

Jaha Kilindo hakuwa mtu wa kutafutwa kwa tochi. Nchi nzima ilimjua. Alikuwa Kamishna wa Malezi Bora, na kila Ijumaa alasiri sauti yake nzito ilisikika redioni katika kipindi cha Mzazi Wajibika, akiwakemea wanaume wanaotelekeza watoto. Mke wangu alikuwa hakosi. Mara nyingine alitokwa na machozi.

Siwema alikwenda ofisini kwake peke yake. Alimkataza Mzee Ngwali kufuatana naye kwa sababu, aliniambia baadaye, hakutaka amwone akiomba. Alikaa kwenye kiti cha wageni siku tatu. Siku ya nne akaitwa ndani.

Kamishna alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akasimama dirishani, mikono nyuma, kama anavyosimama kwenye mabango.

"Binti," akasema, "taifa hili lina watoto milioni sita. Kama Kamishna, mimi ni baba wa wote. Sasa nikianza kumtambua mmoja mmoja, si nitakuwa nimeingiza upendeleo katika utumishi wa umma?"

"Sitaki unitambue, mheshimiwa. Nataka usaini hapa tu. Hutatoa hata senti."

"Saini yangu ni mali ya serikali."

"Basi naomba uniandikie kwamba hunitambui. Nikionyesha hiyo, labda watanifikiria."

Kamishna akageuka. Alionekana kuumizwa kweli. "Nikuandikie wewe? Kwa uhusiano gani?"

Siwema alikuwa akimtazama masikio. Aliniambia alishangaa kuona kwamba masikio yake mwenyewe, ambayo miaka yote alidhani ni ya mama yake, yalikuwa pale, yamekaa juu ya kola ya yule mtu.

Kabla hajatoka, Kamishna alimpa zawadi, kama anavyowapa wageni wote: kijitabu chake, *Mtoto Wako, Fahari Yako: Hatua Kumi na Mbili*. Akamwandikia ukurasa wa kwanza: *Kwa Siwema, kwa mapenzi ya baba.* Chini yake akatia saini kubwa, yenye mkia uliozunguka mara mbili.

Siwema alikuja mbio mpaka dirishani kwangu. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya hapo. Aliniwekea kijitabu mbele na kusema, "Si saini hii? Si ameandika baba?"

Nikakipeleka kwa Mkurugenzi wetu, Bwana Chilumba. Mkurugenzi alikichunguza kwa lenzi dakika arobaini. Akatoa uamuzi kwamba saini ni halali na mapenzi ni halali, lakini karatasi si ya kwetu. Akaagiza kijitabu kibaki kwenye maktaba ya Halmashauri, kwa kuwa maktaba yetu haikuwa na kitabu.

*

Dirisha la maombi lilifungwa mwezi wa tisa. Chuo, ambacho kina moyo wa kibinadamu kuliko tunavyotakiwa kukiri, kilimwekea Siwema nafasi yake mwaka mmoja.

Mwaka huo wote Mzee Ngwali alikuja kila Jumatatu na kila Alhamisi. Alikuja na mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki, barua ya mtendaji wa kata, barua ya imamu, na picha moja ya msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa vibaya sana. Alimsuka yeye mwenyewe baada ya mama kufariki, kwa vidole vilivyozoea sindano ya godoro, na shuleni wenzake wakawa wanamwita Mto. Alinieleza hayo akicheka. Kisha akakohoa. Kikohozi chake kilikuwa kinaanza kwa kicheko kila mara.

Siku moja akatoa ripoti za shule. Mihula mitatu kwa mwaka, miaka kumi na mmoja, zote amezihifadhi. Chini ya kila moja palikuwa na mstari: *Sahihi ya mzazi.* Na juu ya kila mstari, Ngwali Mbaruku, kwa mwandiko ule ule wa kukandamiza.

"Bwana karani," akasema, "hizi zote si saini?"

Nilizihesabu. Thelathini na tatu. Nikampelekea Mkurugenzi, maana nilidhani safari hii tumepata. Mkurugenzi akashuka mwenyewe mpaka dirishani, jambo ambalo hulifanya kwa mabalozi tu.

"Mzee Ngwali, nimeguswa," akasema. "Nimeguswa kama mtu binafsi. Lakini kiofisi hizi ni saini za mazoea. Mtu anaweza kusaini ripoti ya mtoto yeyote. Je, kuna hati inayoonyesha kwamba ulilazimika?"

"Kulazimika?"

"Ndiyo. Baba wa kisheria analazimika. Wewe ulikuwa unapenda tu. Sasa serikali haiwezi kujenga mfumo juu ya watu wanaopenda tu."

Mzee Ngwali akafikiri. "Na kama ningekuwa simpendi?"

"Hapo tungekuwa na mahali pa kuanzia."

Kwa kuwa alikuwa mtu wa huruma, Mkurugenzi akaongeza ushauri: binti aolewe. Aliyeolewa si mtoto tena, na mume ana kisanduku. Mzee Ngwali alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona Mkurugenzi anaandika jina la mpwa wake kwenye kikaratasi, akaacha kucheka, akakusanya ripoti zake na kuzirudisha kwenye mfuko moja moja.

Alhamisi iliyofuata alikuja na mto mrefu wa sufi, alioushona yeye mwenyewe, kwa ajili ya benchi la waombaji. Alisema ameona akina mama wakikaa pale kutwa nzima juu ya mbao. Tulimwandikia barua ya onyo kwa kuingiza kifaa kisichoidhinishwa katika jengo la serikali. Mto tukautumia.

Miezi ikaenda. Nikaanza kugundua kwamba anapanda zile ngazi tano za mlangoni kwa awamu mbili. Nikamwambia, "Mzee, kaa nyumbani, ukipatikana utaratibu mpya nitakuita."

"Nikikaa nyumbani, atajua nimekata tamaa," akasema. "Ukiniona hapa usifikiri nimekuja kwako. Nakuja ili yeye anione nikitoka."

*

Alifariki mwezi wa nne, saa nne asubuhi, hospitali ya wilaya. Daktari alisema mapafu yalijaa. Miaka arobaini ya sufi.

Sikupangiwa kwenda msibani. Nilikwenda kwa sababu ya Jumatatu na Alhamisi. Siku ya tatu baada ya maziko niliwakuta majirani kwenye mikeka, na ndani, katika chumba alichofanyia kazi, godoro lililoshonwa pande tatu, sindano bado imechomekwa upande wa nne. Siwema alikuwa amekaa sakafuni karibu nalo. Nilimpa pole. Akanishukuru kwa kuja. Hakulia. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kulia mpaka sauti ikachoka.

Kando yake palikuwa na cheti cha kifo. Ni tabia ya kazi, naomba mnisamehe, jicho langu huenda kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa mtu. Nikakisoma. *Marehemu: Ngwali Mbaruku. Kazi: fundi magodoro. Ameacha: binti mmoja, Siwema.*

"Nani alijaza hapa?" nikauliza.

"Karani wa hospitali. Aliniuliza marehemu ni nani kwangu. Nikasema ni baba yangu. Akaandika."

"Hakuomba cheti cha kuzaliwa?"

"Hakuomba kitu. Alisema pole."

Sasa lazima nieleze jambo la kitaalamu. Baba akiwa hai, mashine yetu humlinganisha na cheti cha kuzaliwa. Baba akiwa amefariki, mashine husoma cheti cha kifo peke yake. Wale wataalamu wanne waliona hotelini kwamba hakuna mtu atakayetaka kudanganya kuhusu kifo. Kwa hiyo karatasi ile pale sakafuni, yenye mhuri wa hospitali ya serikali, ilikuwa inatosha. Mwaka mzima tulikuwa tumeitafuta karatasi itakayomfanya Mzee Ngwali awe baba, nayo ndiyo hiyo.

Ningepaswa kunyamaza, angalau siku ile. Lakini msimu wa maombi ulikuwa unakaribia, na nilidhani naleta habari njema.

"Binti," nikasema, "hiki kinatosha."

"Kinatosha nini?"

"Kwa dirishani. Kwa mujibu wa hiki, yeye ni baba yako."

Alinitazama muda mrefu bila kuelewa. Niliona ni wakati gani alielewa, kwa sababu alichukua upindo wa kanga yake, akaujaza mdomoni, akauma. Wanawake waliokuwa mlangoni wakaja kumshika. Mmoja wao akaniuliza nimemwambia nini mtoto wa watu. Nikasema nimemwambia amefaulu.

*

Alileta maombi yake baada ya arobaini. Mashine ikayapokea kwa sekunde tisa. Barua ikatoka siku hiyo hiyo, nami ndiye niliyeichapa: *Halmashauri inakupongeza kwa kukamilisha sharti la kufiwa, na inakutakia mafanikio mema.*

Mkurugenzi alifurahi mno. Mwaka ule tulikuwa bado hatujamfadhili mtu, na ripoti ya mwaka ilikuwa karibu. Akaandaa hafla, akakodi viti vya plastiki na bendi ya polisi. Siwema alikabidhiwa hundi ya kadibodi ndefu kuliko yeye, na Mkurugenzi akahutubia: "Wapo wanaosema Halmashauri hii haina moyo. Leo wamwangalie binti huyu. Jana alikuwa na mzazi na hakuwa na chochote. Leo hana mzazi, na ana kila kitu!"

Watu wakapiga makofi. Siwema alishikilia ile hundi mbele ya uso wake, na waandishi wa habari wakamwomba aishushe kidogo. Picha ikatoka magazetini kesho yake.

*

Picha hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Wakati ule Kamishna Kilindo alikuwa anatajwa kuwa Waziri wa Familia, na maadui zake walikuwa wanasambaza maneno kwamba aliwahi kutelekeza mtoto. Mtu mmoja akaweka picha mbili gazetini, ya Kamishna na ya binti mwenye hundi, na chini yake swali moja tu: *Masikio haya ni ya nani?*

Siku mbili baadaye Kamishna akatua kwenye dirisha langu na wapiga picha wanane. Alikuwa amekwisha kulia. Macho yalikuwa mekundu vizuri kabisa.

"Yuko wapi mwanangu nimsainie?" akanguruma. "Ni nani aliyethubutu kunitenganisha na damu yangu?"

Nikampa fomu. Akasaini BABA YU HAI mara nne, kwa kuwa wapiga picha walitaka pembe tofauti.

Mashine yetu, ikipata baba mmoja aliye hai na mwingine aliyefariki kwa mtoto mmoja, huwaka taa nyekundu. Ufadhili wa Siwema ukasimamishwa alasiri hiyo. Kufikia jioni palikuwa na jalada lenye kichwa *Udanganyifu wa Uyatima*, kosa la miaka saba. Alikuwa amekaa chuoni wiki tatu.

Mkurugenzi akamwita. Mimi nilikuwepo, nikishika jalada. Alimweleza kwa sauti ya chini, ya kibaba, kwamba hakuna anayetaka kumfunga. Baba yake wa kisheria amepatikana, jambo la kushukuru, na kwa saini yake ufadhili utaendelea bila kukatika. Kilichobaki ni kuifuta ile karatasi ya kwanza. Akasukuma tamko mezani. Lilikuwa na mistari miwili:

*Mimi, Siwema Jaha Kilindo, natamka kwa hiari yangu kwamba marehemu Ngwali Mbaruku hakuwa baba yangu, hakunilea kama baba, wala sikupata kumtambua kuwa baba.*

Akatuacha. Alikuwa na mkutano juu ya utu.

Siwema alilisoma. Akalisoma tena. Nje ya mlango tuliwasikia waombaji wakizungumza, mtoto akilia, kawaida yetu.

"Hili neno 'hakunilea'," akasema, "haliwezi kutolewa?"

"Limechapwa."

"Na wewe ulimwona. Ulikuwa unamwona kila wiki."

"Nilimwona."

"Ungekuwa mimi ungesaini?"

Nilitaka kumjibu kama mtu. Nikamwambia, "Mimi ni karani, binti."

Akaanza kuzungumza, sidhani kama ni na mimi. Alisema siku mbili kabla hajafariki, baba yake alimwambia ampe kalamu. Alitaka kuona kama mkono wake bado unaweza kusaini, endapo fomu itapatikana. Mkono ulishindwa. Akamwambia, "Mwanangu, wakikupa karatasi yoyote, wewe saini. Mimi karatasi hainiondoi. Usome tu."

"Alisema haimwondoi," Siwema akarudia. "Lakini hakujua itaandikwaje."

Akachukua kalamu. Akasaini haraka, kama mtu anayechomoa mwiba, kisha akabaki ameishika ile kalamu mpaka nikaomba anirudishie.

*

Nilikuwa nimesahau kumwambia kwamba tamko la kukana huisha nguvu baada ya miezi sita. Lazima lirudiwe kila muhula, endapo mwombaji atakuwa amebadilisha mawazo. Kozi ya ufamasia ni miaka minne. Alikuja mara saba zaidi.

Kila mara alinisalimia, akauliza hali ya mke wangu, akasaini. Muhula wa pili aliyasoma maneno yote kabla ya kusaini. Wa tatu hakuyasoma tena maneno. Wa nne alikuja na homa, na nilijaribu kumwambia arudi siku nyingine, akasema hapana, akiahirisha ataliota usiku. Wa sita alisaini akiwa anaongea na simu, nami nikaenda kunawa uso chooni, sijui kwa nini. Yeye ndiye aliyetakiwa kulia.

Waziri Kilindo, maana wakati huo alikwisha kuwa waziri, alimpigia simu mara moja kwa mwaka, siku ya Familia, ikiwa hewani moja kwa moja.

Siku ya mahafali nilitumwa kuandika ripoti ya Halmashauri. Uwanja ulijaa. Mshereheshaji akaita, "Siwema Jaha Kilindo, wa kwanza katika kitivo chake! Mzazi asimame tumwone!" Waziri akasimama jukwaa kuu, mikono juu, akageuka pande zote nne. Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Siwema alikuwa katikati ya ngazi za jukwaa. Akasimama. Akageuka kuangalia kule nyuma kabisa, kwenye viti vya wazazi wa kawaida, akaangalia kiti kwa kiti kama mtu anayetafuta mahali alipomwacha mwenzake. Halafu akakaa pale pale kwenye ngazi na joho lake, akalia kwa sauti mbele ya watu elfu nne.

Niliandika: *Mhitimu alitokwa na machozi ya furaha.*

Wiki iliyofuata akaja dirishani, kwa mara ya mwisho. Aliomba arudishiwe yale matamko manane ayachome. Nikamweleza kwamba ni mali ya serikali na hutunzwa miaka thelathini.

"Najua," akasema. "Nilijua utasema hivyo. Basi nataka kitu kingine. Dunia nzima hakuna karatasi inayosema alinilea, isipokuwa zile mlizozikataa na cheti mlichokifuta. Wewe ulimwona. Niandikie ulichokiona, kwa mkono wako. Si kwa ofisi. Niwe nacho mimi."

Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria miezi miwili. Nimeandika wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya fomu zilizoharibika, na haya mliyoyasoma mpaka hapa ni nakala yake.

Alikuja kuyachukua jana. Aliyasoma yote amesimama, huku foleni ikiguna nyuma yake. Alipofika pale pa mto wa benchi akatabasamu. Alipofika mwisho akageuza karatasi upande wa pili, akaigeuza tena.

"Na saini yako?" akauliza.

Nikamwambia karani haruhusiwi kusaini bila idhini ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi yuko likizo.

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, afadhali angekasirika. Akazikunja karatasi zangu mara mbili, akazitia kwenye mkoba, akasema, "Asante, baba," kama wanavyotuita watu wote wa rika langu, akaondoka nazo hivyo hivyo.

Nikaita anayefuata.